Theopista na Rangi Iliyotoroka

Nimefundisha kemia miaka thelathini na mmoja, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunichanganya kama Theopista. Wavivu nimewaona. Wanaolala macho yakiwa wazi nimewaona pia. Yeye hakuwa hata mmoja kati ya hao. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro mmoja, mhudumu wa afya kwenye zahanati moja pembezoni mwa Ilembo, mama wa watoto watatu, na kitu alichokuwa anakitafuta hapa duniani kilikuwa kidogo tu: D ya kemia.

Bila hiyo D chuo cha uuguzi hakimpokei. Biolojia alikuwa nayo, fizikia aliipata kwa mbinde, lakini kemia alikuwa ameifanya mara tatu kama mtahiniwa wa kujitegemea na mara zote tatu ikarudi F. Miaka kumi na sita alifua mashuka, akachemsha vyombo, akashika tochi mkono huu na mguu wa mzazi mkono ule, akiwaangalia manesi wa umri wa wadogo zake wakifanya kazi ambayo yeye angeifanya amefumba macho. Mwaka huo mganga mfawidhi wake alimwambia ipo nafasi moja ya mhudumu kwenda masomoni, na wamemwekea yeye. Akileta D anakwenda. Asipoileta, anakwenda mwingine, na nafasi nyingine haijulikani itatoka lini.

Ndipo akaja kwangu Kawajense, hapa hapa Mpanda. Mimi ni mstaafu, jina langu Uwesu, na nafundisha tuisheni kwenye chumba cha nyuma ya duka la mdogo wangu Sadalla, katikati ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta. Alikuja mwezi wa tatu akiwa na raba zake nyeupe za kazini. Nilimwita Mama Scola, kwa jina la binti yake wa kwanza, maana si heshima kumwita mtu mzima kwa jina lake mbele ya watoto.

Tulianza na atomu. Nikachora kiini katikati, ndani yake protoni na nyutroni, na nje elektroni zinazunguka. Nikasema, kama ninavyosema kila mwaka, kwamba atomu karibu yote ni nafasi tupu. Theopista akanyoosha mkono.

“Mwalimu, hii meza ni atomu?”

“Ndiyo.”

“Na mkono wangu?”

“Na mkono wako.”

“Vyote ni vitupu?”

“Karibu vyote.”

Akaipiga meza kofi. “Sasa mbona mkono haupiti?”

Ngusa, kijana wa Kisukuma aliyekuwa anarudia mtihani, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilipofungua mdomo kujibu niligundua kwamba jibu ninalo kwa mbali tu, kama jina la mtu uliyesoma naye darasa la pili. Nikasema elektroni za meza zinazisukuma elektroni za mkono. Akaandika. Halafu akauliza: kama elektroni hazipendani, mbona kwenye ganda moja zinakaa mbili, na ganda linalofuata zinajazana nane?

“Wewe kariri,” nikamwambia. “Mbili, nane, nane.”

Kariri ndiyo dawa yangu. Nimewanywesha dawa hiyo watoto wa Mpanda miaka yote hiyo, na wengi walipona. Yeye haikumshika. Alikuwa akikariri, kisha anarudi kesho na lile lile swali limeota mkia.

Tulipofika kwenye chumvi ndiyo tukapotea wote. Nikamweleza kwamba sodiamu ni metali inayowaka ikigusa maji, na klorini ni gesi ya sumu, na zikiungana unapata chumvi ya kutia kwenye maharage.

“Sumu mbili zinaoana, zinazaa chakula?”

“Ndiyo.”

“Na hiyo klorini, ndiyo ile ya kwenye jiki tunayoweka kwenye ndoo kule kazini?”

“Ni ndugu.”

“Ndugu wa tumbo moja, au wa ukoo?”

“Haipo kwenye silabasi, Mama Scola.”

Laiti ningemjibu siku ile. Lakini nilikuwa nimechoka, na kifua kilikuwa kinaniwasha. Toka mwezi wa nane nilikuwa na kikohozi, kile cha chaki tunachokijua walimu wote, na yeye mara mbili aliniuliza habari zake. Nikamwambia aniulize kemia. Mwezi huo huo akaanza na tabia mpya ya kufungua madirisha yote mawili kila anapoingia, kisha anakaa pembeni ya moja. Upepo ukawa unazibeba karatasi zangu.

“Hapa hatuaniki nguo,” nikamwambia.

“Samahani, Mwalimu. Hewa tu.”

Nikayafunga. Kesho yake akayafungua. Tulivutana hivyo mpaka nikachoka mimi, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo.

Kwenye asidi na besi alipata nafuu kidogo. Aliposikia kwamba limao ni asidi, na yale maji ya majivu aliyokuwa anachuja bibi yake Mfipa ili kulainisha mlenda ni besi, aliinua uso kama aliyeitwa kwa jina lake. Asidi ikikutana na besi zinazimana, nikamwambia. Hilo alilielewa. Nikaona sasa kilichobaki ni mtihani wa vitendo, na D yake imo humo, kwa sababu kwenye vitendo huulizwi elektroni inafikiri nini. Unapima tu.

Kazi yenyewe inaitwa titresheni. Unavuta besi kwa pipeti, ambayo ni mrija wa kioo wenye tumbo katikati, unaivuta kwa mdomo kama soda, kisha unaimwaga kwenye flaski. Unadondoshea matone mawili ya methili oranji, na maji yanakuwa ya njano. Juu yake umesimamisha bureti, bomba refu la kioo lenye asidi na koki chini. Unadondosha asidi tone kwa tone. Linakuja tone moja, moja tu, linalogeuza njano kuwa rangi ya chungwa. Hapo unafunga koki na kusoma kipimo. Ukizidisha, inakuwa ya waridi, na kazi yote ni bure.

Jumamosi moja asubuhi, wiki nne kabla ya vitendo, niliazima maabara ya shule moja kule Nsemulwa, ambayo mkuu wake nilimfundisha akiwa anavaa kaptula. Nilikuwa na wanafunzi kumi, pipeti moja na kichupa kimoja cha methili oranji nilichokitunza kama mboni ya jicho. Nikavuta maji kwa mdomo kuwaonyesha namna ya kuvuta, nikakohoa kidogo, nikaitoa ianze kuzunguka.

Theopista alikuwa amekuja na kindoo chenye mfuniko. Akajitolea kusimamia vyombo, nikafurahi, nikasema huyu ndiye mtu mzima pekee humu ndani. Kila pipeti ilipotoka kwenye mdomo mmoja, kuanzia wangu, aliichovya kwenye kindoo, akaikung'uta, akampa anayefuata. Nilidhani ni maji.

Ngusa ndiye aliyeanza kudondosha methili oranji. Ikawa ya njano. Halafu, tunaitazama hivi hivi, njano ikaanza kufifia. Ikafifia, ikafifia, yakabaki maji matupu.

“Mwalimu,” akasema, “imeenda wapi?”

Nikamwambia aongeze tone. Akaongeza. Ikatokea, ikaondoka. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu ikaondoka kabla hajaifungua koki. Nikalaumu maji ya bomba ya Mpanda. Nikalaumu joto. Nikamlaumu aliyeniuzia, nikasema wafanyabiashara wa siku hizi hawamwogopi Mungu, wakati mimi mwenyewe ukoo mzima ni wafanyabiashara. Ngusa akasema hizi flaski zinanukia kama choo cha hospitali. Nikamwambia anyamaze. Katika miaka thelathini na mmoja sijawahi kuona rangi inatoroka, na kitu nisichokielewa hunitia hasira kabla hakijanitia akili.

Wa mwisho kujaribu alikuwa Theopista. Alivuta, akamwaga, akadondosha. Yake haikukaa hata kidogo. Akanigeukia, macho yamemtoka.

“Nimekosea wapi, Mwalimu?”

Nikakichukua kile kichupa, nikakimimina chote kwenye sinki. “Dawa imekufa hii!” Na kwa kuwa wote walikuwa wananitazama, na mimi sikuwa na jibu, nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Nilisema, “Mama Scola, kemia imekukataa. Hata rangi ikikuona inakimbia.”

Watoto wakacheka. Yeye akafunika kindoo chake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Jumatatu hakuja. Jumatano hakuja.

Alhamisi mke wangu Mwanaiddi alikuwa anafua uani. Akaniita kwa ile sauti ambayo mume hujibu akiwa ameshasimama.

“Baba Sabrina, hii suruali ya bluu umeifanya nini?”

Kwenye paja la suruali niliyovaa maabara kulikuwa na madoa meupe saba au nane, madogo, ya mviringo, kama imetapakaa chokaa.

“Si chokaa,” akasema. “Hii ni jiki. Imekula rangi. Umekwenda kumwagikiwa jiki wapi, wewe mtu mzima?”

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kindoo chenye mfuniko. Pipeti inachovywa, inakung'utwa, matone yanarukia suruali ya mwalimu aliyesimama karibu anafoka. Ndugu wa klorini, wa tumbo moja au wa ukoo. Jiki hula rangi ya nguo, sasa kwa nini isile ya methili oranji? Kila mwanamke anayefua nguo Mpanda nzima analijua hilo. Mimi nilikuwa nimelaumu bomba.

Nikapanda bodaboda mpaka Ilembo na ile suruali ndani ya mfuko wa rambo. Nilimkuta nyuma ya zahanati anachanganya jiki: kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji, anakoroga, anaandika saa kwenye plasta na kuibandika ndooni. Hakumwaga hata tone. Nilijiuliza mtu anayepima hivi anapataje F ya kemia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.” Nikatoa suruali. Nikamwonyesha madoa, nikamweleza yote, tangu pipeti mpaka kwenye flaski. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni.

“Kwa hiyo mimi ndiyo nimewaharibia dawa.”

“Dawa nimeimwaga mimi. Ilikuwa nzima. Naomba radhi, na lile neno nililosema naomba radhi.”

“Kwa hiyo sikukosea?”

“Ulikosea. Baada ya jiki unatakiwa kusuuza kwa maji safi, mara tatu.”

“Hapa nasuuza. Kule ulikuwa unafoka, Mwalimu, nikasahau.”

Hilo nililimeza. Kisha nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanisumbua njia nzima. “Lakini kwa nini uliileta? Maabara nako kuna wazazi wanaojifungua?”

Akatazama chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ikiwa imeshakauka.

“Ni kikohozi chako, Mwalimu. Hii ni wiki ya tisa, na umepungua, hata shingo ya shati inakupwaya. Nilikuuliza mara mbili ukanikatalia. Kifua kikuu kinapita kwenye hewa, ndiyo maana ya yale madirisha. Lakini nilipojua watoto watapokezana mrija uliotoka mdomoni kwako, roho ikagoma. Mate ni mate. Na kukwambia mbele yao nisingeweza, wewe ni mwalimu wangu.”

Niliona haya, tena haya ya kweli, ile ya kutamani ukuta ufunguke. Niliyemwaibisha mbele ya darasa alikuwa amebeba ndoo kutoka Ilembo mpaka Nsemulwa ili asiniaibishe mimi mbele ya darasa lile lile.

Akaingia ndani, akatoka na kikopo cha kutemea makohozi ya kupima. “Na wewe sahihisha kosa lako,” akasema.

Majibu yalikuja: kifua kikuu ninacho. Wanafunzi wengine wote tisa na Mwanaiddi wakapimwa kwa amri ya Theopista, na yeye mwenyewe akapimwa. Wote wazima, alhamdulillahi. Nikaandikiwa dawa za miezi sita, na yeye akajipa kazi ya kuhakikisha nazimeza.

Ila mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili na siku chache, na methili oranji mjini hakuna. Niliyoagiza ilikuwa njiani, na ya njiani haidondoshwi kwenye flaski. Theopista angeingia kwenye mtihani wake wa nne na hajawahi kuliona lile badiliko kwa macho yake: mara zile tatu alipitiliza mpaka waridi, na safari hii nimemkosesha mimi kwa hasira zangu. Siku nilipokwenda kuchukua dawa tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na barakoa yangu, nikajaribu kumweleza kwa maneno.

“Ni rangi ya chungwa.”

“Chungwa la wapi? Ya hapa ni ya kijani.”

“Ya ndani.”

“Ndani ni njano. Na njano si ndiyo tunaanza nayo?”

“Basi papai.”

“Papai bichi au lililoiva? Lililoiva sana linaelekea wekundu. Si umesema ikifika wekundu nimeharibu?”

Nikataja embe, nikataja vumbi la barabarani, nikataja karoti. Kila nilichotaja alikuwa ameshakiona katika rangi tatu. Niliondoka nimechanganyikiwa kuliko yeye. Sikujua tena chungwa ni rangi gani, na nimeifundisha maisha yangu yote.

Kesho yake asubuhi nilimeza dawa za kwanza, Theopista amesimama mbele yangu na kikombe cha maji. Alisema nisishtuke nikiona mabadiliko, kisha akawahi kazini. Mimi sikuuliza mabadiliko gani. Saa nne nikaenda chooni, nikaangalia chini, nikasahau kilichonipeleka.

Ilikuwa yenyewe. Haikuwa njano, haikuwa nyekundu, ilikuwa pale pale katikati, ile ya tone moja, ile niliyokesha nikiitafutia jina. Nikatoka mbio, nikampigia simu huku Mwanaiddi ananiuliza nimepatwa na nini.

“Mama Scola, nimeiona!”

“Umeona nini, Mwalimu?”

“Rangi! Ya methili oranji! Imetoka kwangu mimi!”

“Mkojo?”

“Mkojo!”

“Mwalimu,” akasema polepole, “hiyo ndiyo rangi yenyewe? Hiyo? Wagonjwa wote wanaoanza dawa za kifua wanaitoa. Miaka kumi na sita vikopo vyao namwaga mimi.”

Nikaegemea ukuta. “Basi ukiiona kwenye flaski, funga koki.”

Siku ya mtihani nilisimama nje ya geti la shule kwenye kijiwe cha bodaboda tangu saa mbili, barakoa usoni. Theopista alitoka wa mwisho. Sikuweza kusoma uso wake.

“Niambie.”

“Pipeti nilipewa ya kwangu peke yangu, nikaisuuza mara tatu. Nikadondosha. Njano. Njano. Njano. Nikasema imenikataa tena. Halafu tone moja, Mwalimu, likaingia, na nikamwona mgonjwa kabisa. Nikafunga.”

“Na uliporudia kipimo?”

“Mgonjwa yule yule.”

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Nilikuwa chumba cha nyuma ya duka, madirisha yote mawili yako wazi, siku hizi nayafungua mwenyewe. Ngusa alikuja na simu yake, akatafuta namba ya Theopista, akaivuta ile orodha kwa kidole mpaka nikataka kumnyang'anya. Kemia: D. Si C, wala si B. D yenyewe, ile aliyoitafuta. Nikalia mbele ya Ngusa, na sikusingizia chaki.

Theopista mwenyewe aliingia dakika chache baadaye, na raba zake nyeupe. Alikuwa ameshaiona. Akasimama mlangoni, anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nikaanza kumpongeza kwa maneno makubwa, chuo, sare, kofia, muuguzi Theopista. Akaniinulia mkono ninyamaze.

“Mwalimu, kuna kitu bado sijakielewa.”

“Sema, mwanangu.”

Akaweka kiganja chake juu ya meza, akaikandamiza. “Huu mkono. Mbona haupiti?”

“Sijui, Mama Scola,” nikasema. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililowahi kumpa. “Hapa ndipo mwisho wangu.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha akatazama saa ya ukutani, akaitazama pakiti ya dawa juu ya gunia la mchele, akanitazama mimi.

“Leo umemeza?”

“Bado.”

Akavuta kiti karibu na dirisha, akakaa, akasubiri mpaka nikameza.